Harambee imekupeleka chuo, lakini ukinyamaza nani atakupigia simu?

Kila Agosti na Septemba, matatu za kutoka Bomet, Sotik, Kapkatet na Litein hubeba magodoro yaliyokunjwa juu ya keria. Ni makomredi wapya hao. Wengine hawaendi mbali: Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapo nje ya mji wa Kericho, katikati ya majani chai, na Bomet kuna chuo kilichoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Wengine wanaelekea KMTC au vyuo vya kiufundi, na wengine wanavuka hadi Eldoret, Njoro na Nairobi.

Wiki chache kabla ya safari, hema lilipigwa nyumbani. Pasta akaomba, MCA akatuma bahasha, jogoo mmoja akapigwa mnada mara nne. Pesa zikahesabiwa mbele ya watu na kijana akapigiwa makofi. Kamati ya harambee ikapeana mikono na kuvunjwa jioni hiyo hiyo.

Baada ya hapo, kimya. Siku ambayo mtaa mzima utasikia tena jina la huyo kijana ni ile ya kufuzu, kama itafika. Isipofika, watu wanaanza kuuliza polepole: "Yule wa kwa nani alimaliza kweli?"

Huku kwetu tukimwona mtu amerudi nyumbani bila cheti, jibu huwa limeshaandikwa: karo, bangi, mimba au kamari. Ni jibu rahisi na mara nyingi halifiki kwenye mzizi. Watu wengi wanaoachia chuo njiani hawaondokei kwa mlango mmoja. Wanapitia vimlango vidogo vingi, na hakuna mtu hata mmoja anayeviangalia vyote kwa pamoja.

Karo kwanza, tusidanganyane

Pesa ni shida, na kwenye nchi ya chai shida hiyo ina kalenda yake. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha anangoja bonasi inayokuja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Oktoba. Chuo nacho kinafungua kabla ya hapo. Kwa hivyo kijana anaanza muhula akiwa na ahadi tu: "Subiri bonasi."

Bonasi ikija ndogo, kila kitu kinavurugika. Wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika miaka ya karibuni kwamba wanapata kidogo wakilinganishwa na wenzao wa eneo la Mlima Kenya. Kwa mzazi hayo ni malalamiko ya soko. Kwa mtoto aliye mwaka wa pili, hiyo ni kodi ya bedsita.

Kwenye mashamba makubwa ya kampuni, hofu ni nyingine. Mashine za kuchuma chai zimekuja, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Mnamo Mei 2023 waandamanaji Kericho waliteketeza mashine hizo kwa hasira ya kupoteza ajira. Mzazi anayeishi kwenye nyumba ya kampuni akipoteza kazi, anapoteza mshahara na paa kwa mpigo mmoja. Hebu jaribu kusoma takwimu ukijua mathe yako anapakia vyombo.

Kuna HELB, ndiyo, na imekuwepo tangu 1995. Kila komredi anajua kwamba siku HELB inaingia na siku unayoihitaji ni siku mbili tofauti. Mfumo mpya wa ufadhili ulioletwa 2023 uligawa wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia, na wazazi wengi walishangaa kuambiwa wako kundi ambalo hawalijui. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo ulikiuka Katiba, kesi ikasonga hadi Mahakama ya Rufaa, na wanafunzi wakabaki kusoma huku mawakili wakibishana.

Kwa hivyo karo ni kweli. Lakini wawili wanaweza kuwa na salio lile lile, mmoja akamaliza na mwingine akapotea. Tofauti yao ndiyo inafaa itusumbue.

Jinsi mtu anavyopotea

Chukulia msichana kutoka Ndanai, mwaka wa pili. Ni wa kufikirika, lakini kama umewahi kuwa chuoni unamjua mmoja kama yeye.

HELB imechelewa, kwa hivyo anahama hosteli na kwenda kukaa na marafiki wawili kwenye chumba kimoja. Anapata kibarua cha jioni kwenye duka la M-Pesa. Siku ya CAT anafika amechelewa, amekosa. Mwalimu anasema aje ofisini amweleze. Haendi kwa sababu anaona aibu, na pia hana hakika ataeleza nini. Wiki inayofuata anaogopa kukutana na huyo mwalimu, kwa hivyo anakosa somo lote.

Usingizi unapotea. Anakesha akiangalia simu, anaamka saa sita mchana kichwa kikiwa kizito. Fuliza inadai. Mama akipiga simu anauliza, "Masomo yako aje?" Jibu ni lile la sisi wote: "Poa tu."

Mtihani unafika na hana kadi ya kuingilia kwa sababu ya salio la karo. Sasa ana masomo matatu bila alama, na kwenye tovuti ya chuo anaonekana kama mtu mvivu. Muhula unaofuata harudi. Hakuna siku aliyoketi chini akaamua kuacha chuo. Siku zenyewe ndizo zilimwacha.

Angalia vizuri na utaona kwamba karibu kila hatua ilikuwa na dawa. CAT ile ingefanywa upya kama angefika ofisini siku ile ya kwanza. Karo ingeandikiwa barua ya kulipa kidogo kidogo. Vyuo vinaruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo kwa barua, nafasi yake ikabaki. Kukosa usingizi mwezi mzima ni jambo la kumpeleka mtu kwa mshauri nasaha. Lakini dawa hizo ziko kwenye ofisi nne tofauti, na mgonjwa ndiye anayetakiwa kuzunguka zote akiwa hana nguvu hata ya kutoka kitandani.

Mimi niliondoka chuo mwaka wa pili. Chuo chenyewe sitakitaja. Nilikaa wiki sita bila kuonekana darasani, na ujumbe pekee nilioupata ulitoka kwa kompyuta, ukinikumbusha salio la karo. Kompyuta ilijua deni langu hadi senti. Haikuulizwa na mtu yeyote nilikuwa wapi.

Na usidhani ukitoka, deni nalo linatoka. Mkopo wa HELB haufutwi kwa sababu hukumaliza. Mtu anarudi nyumbani bila cheti, na deni la cheti ambacho hana linamfuata. Ndiyo maana nasema kumsindikiza mtu hadi mwisho si huruma tu, ni hesabu pia. Harambee, basari ya kaunti, CDF na HELB zote zimeshamwaga pesa kwa huyo mtu. Akiishia katikati, pesa hizo zimeishia katikati.

New York walifanya nini

Kuna mahali walijaribu kushika vimlango vyote kwa mkono mmoja. Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, kinachojulikana kama CUNY, kilianzisha mpango unaoitwa ASAP kwenye vyuo vyake vya miaka miwili. Wanafunzi wengi wa vyuo hivyo wanatoka familia za kipato cha chini, na wengi walikuwa wakiishia njiani kama sisi tu.

Mpango ulikuwa wa kawaida kabisa. Kila mwanafunzi alipewa mshauri mmoja ambaye hakuwa na msururu mrefu wa watu wa kushughulikia, na kuonana naye mara kwa mara ilikuwa lazima. Pengo la karo lililobaki baada ya misaada mingine lilizibwa. Akasaidiwa vitabu. Akapewa tikiti ya usafiri wa mjini bure, lakini ilitegemea yeye kushiriki mpango. Kulikuwa na mafunzo ya ziada kwa waliolemewa na somo. Kwa upande wake, mwanafunzi aliahidi kusoma muda wote, bila kuchukua somo moja leo na jingine mwaka ujao.

Watafiti wakaufanyia jaribio la kura: wanafunzi wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia ASAP na wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingia mpango walikuwa wamefuzu. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 22. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga na matokeo yakafanana na hayo.

Mtu atasema, hiyo ni Marekani, wana pesa. Kweli, mpango uligharimu zaidi ya asilimia 60 juu ya gharama ya kawaida kwa kila mwanafunzi. Lakini kwa vile waliofuzu walikuwa wengi zaidi, gharama ya kumtoa mhitimu mmoja ilikuwa chini kuliko awali. Mkulima wa chai ataelewa haraka: ukipanda miche mia na kuitunza sitini hamsini, ni afadhali kuliko kupanda mia mbili na kuiachia magugu.

Kichwa nacho kinahitaji mtu

Sehemu ya pili ni akili, na hapa hatuhitaji kwenda New York.

Kenya kuna shirika linaloitwa Shamiri, jina ambalo Mswahili yeyote analielewa. Lilianzishwa na vijana, akiwemo Mkenya Tom Osborn. Wazo lao lilikuwa kwamba nchi haina madaktari wa akili wa kutosha kila kijana, kwa hivyo tuwatumie vijana wenyewe. Walichukua watu waliomaliza sekondari juzi tu, wakawafundisha, kisha wakawapa makundi madogo ya wanafunzi wa shule za upili. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Hawakuanza na neno "ugonjwa". Waliongea kuhusu kukua, kushukuru na yale mtu anayoyathamini maishani.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi. Dalili zilipungua zaidi kwa waliokuwa kwenye makundi ya Shamiri kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Viongozi wa makundi hayo hawakuwa na digrii. Walikuwa na mafunzo, usimamizi na umri unaokaribiana na wa wale waliokuwa wakiwasikiliza.

Zimbabwe walianza mapema. Tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina nyanya kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Kwa Kishona hali ya kulemewa huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mtu "ako na mawazo mengi". Ni lugha hiyo hiyo, na bibi yako anaielewa kuliko neno lolote la kitabuni.

Sheria nayo imeanza kusogea. Kwa miaka mingi, aliyejaribu kujitoa uhai nchini Kenya angeweza kushtakiwa mahakamani, kana kwamba maumivu ni wizi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kifungu hicho cha sheria kuwa kinyume na Katiba. Mwanafunzi anayeogopa kusema ukweli wake kwa daktari sasa ana sababu moja ndogo zaidi ya kuogopa.

Huku kwetu kuna hospitali za rufaa za kaunti, Kericho na Longisa, na kuna Tenwek. Vyuo vingi vina ofisi ya mshauri nasaha na klabu ya wanafunzi wanaoshauriana. Tatizo ni safari ya kutoka bedsita hadi mlango huo. Mtu aliyezama haombi miadi. Lazima kuwe na mtu anayemwona akianza kuzama.

Motiriot wa Desemba, nani wa Septemba?

Kwa Wakipsigis wazo hili si geni hata kidogo. Kijana akiingia jandoni hapelekwi menjo na kuachwa huko. Kuna motirenik, waelekezi wanaokaa naye, wanaomfundisha na kuhakikisha amekula na amepona. Motiriot hangojei kijana amtafute ofisini. Kazi yake ni kujua. Na uhusiano huo hauishi siku ya kutoka, kwa sababu huyo ni mtu utakayemheshimu hadi uzeeni.

Sisemi kila menjo ni salama, na sizungumzii kuwarudisha wasichana kwenye kisu ambacho sheria ilishakataza. Nasema kanuni yenyewe ni nzuri: hatumpitishi mtu kwenye mabadiliko makubwa bila mwelekezi aliyetajwa kwa jina. Basi inakuwaje Desemba kijana awe na motiriot, na Septemba, anapoingia mabadiliko makubwa kuliko hayo, tumpe bahasha na godoro?

Pendekezo langu ni dogo. Kamati ya harambee isivunjwe siku pesa zinapohesabiwa. Ibaki na watu watatu. Mmoja ni mwelekezi: dada, kaka, mwalimu au jirani aliyemaliza chuo karibuni, ambaye anampigia mwanafunzi simu kila baada ya wiki mbili hadi siku ya kufuzu. Asiulize "masomo yako aje", kwa sababu jibu tunalijua. Aulize: Umelala saa ngapi wiki hii? Umekosa CAT gani? Unadaiwa na nani? Umekula nini jana?

Wa pili ashike sehemu ndogo ya pesa za harambee, asizipeleke zote kwa karo ya muhula wa kwanza. Hizo ni za dharura: nauli, kodi ya mwezi mmoja, mtihani wa marudio. Mara nyingi kinachomtoa mtu chuoni ni elfu tatu ambazo hazikupatikana kwa wakati. Wa tatu ajue milango ya chuo: nani anasimamia masuala ya wanafunzi, barua ya kuahirisha inaandikwaje, basari inafungwa lini.

Vyuo navyo vina kazi yao. Mfumo unaojua salio la karo unaweza pia kujua kwamba mtu amekosa CAT mbili mfululizo. Afadhali taarifa hiyo ifike kwa binadamu mwenye simu. Na kaunti zinazotoa basari zinaweza kuuliza swali moja rahisi kila mwaka: kati ya tuliowalipia, wangapi wamemaliza?

Wazee watasema tunadekeza watoto, kwamba wao walisoma kwa koroboi na kutembea peku. Heshima kwao. Lakini waulize kuhusu wenzao wa darasa ambao hawakumaliza. Kila mzee ana majina ya watu hao, na hakuna aliyewahi kuyahesabu.

Kama wewe ndiwe huyo

Kama unasoma hii ukiwa bedsita na hujaenda darasani tangu wiki ile nyingine, usianze na mambo yote kwa pamoja. Chagua mtu mmoja umwambie ukweli leo, hata kwa meseji: "Sijaenda darasani wiki tatu." Sentensi hiyo inatosha kuanzia.

Kesho nenda ofisi ya masuala ya wanafunzi kabla ya mtihani. Ukienda baadaye mambo huwa magumu zaidi. Kama huwezi kuendelea muhula huu, omba kuahirisha kwa maandishi na ubaki na nakala. Aliyeahirisha ana pa kurudi. Aliyetoweka atalazimika kueleza.

Usiku ukiwa mrefu na mawazo yakaanza kukuambia kwamba wenzako wangekuwa afadhali bila wewe, piga 1199. Ni laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi pesa, na kuna mtu wa kukusikiliza.

Na kama wewe uko sawa, fikiria komredi mmoja ambaye hujamwona kwa muda. Yule aliyekuwa anaketi karibu na dirisha. Yule aliyetoka kwenye grupu la WhatsApp bila kusema kitu. Usimtumie "niaje". Mpigie. Asiposhika, piga tena kesho.